Walitaka Polisi Tu

Wiki hii semina imetuchosha. Mada: wakomunisti walishikaje madaraka Ulaya Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Nusu ya darasa ikasema ni vifaru vya Stalin, basi. Nusu nyingine eti wananchi wenyewe waliwataka. Mimi naona pa kutazama ni Wizara ya Mambo ya Ndani.

Chukueni Hungaria. Uchaguzi wa Novemba 1945 ulikuwa huru kabisa. Chama cha Wakulima Wadogo kikapata asilimia 57, wakomunisti 17 hivi. Sasa mtu wa asilimia 17 anatawalaje nchi? Hapo ndipo patamu. Jeshi Jekundu lilikuwa limekaa pale, na Marshal Voroshilov akashinikiza iundwe serikali ya mseto. Wakulima wakachukua uwaziri mkuu, baadaye na urais. Vyeo vya kupigiwa saluti. Wakomunisti wao wakang'ang'ania polisi, wakapewa. (Hata serikali yetu ya wanafunzi kila mtu anautaka urais, kumbe mwenye nguvu ni waziri wa mikopo!)

Machi 1946 wizara hiyo ikaenda kwa László Rajk. Mwezi huohuo Wakulima wakabanwa mpaka wakawafukuza wabunge wao wapatao 20. Hapa ndipo mimi nakasirika. Walidhani wakiwatoa hao, waliobaki watakuwa salama. Chovya chovya humaliza buyu la asali! Mwanzoni mwa 1947 polisi "wakagundua" njama dhidi ya jamhuri. Bunge likakataa kumvua kinga Béla Kovács, katibu mkuu wa Wakulima. Wasovieti wakamkamata wenyewe, tarehe 25 Februari. Mei, waziri mkuu Ferenc Nagy yuko mapumzikoni Uswisi, akaambiwa naye yumo kwenye njama. Akajiuzulu hukohuko, ndipo akaletewa mwanawe mdogo aliyebaki nyumbani.

Uchaguzi wa Agosti 1947 ukaja na vyeti vya buluu vya kupigia kura nje ya kituo chako. Wafuasi wakazungushwa kwa malori, kura hapa, kura kijiji cha pili. Na ujanja wote huo wakaambulia asilimia 22! Ila wapinzani walishagawanyika, kwa hiyo 22 ikawa namba moja. Kufika 1949, orodha ya wagombea ilikuwa moja tu. Mkuu wao, Mátyás Rákosi, baadaye alijisifu kwamba wapinzani waliwakata kama salami, kipande kipande.

Mtasema bila Jeshi Jekundu isingewezekana. Kwa Hungaria, sawa. Lakini Chekoslovakia jeshi hilo liliondoka mwishoni mwa 1945. Kweli huko wakomunisti walikuwa na asilimia 38 mwaka 1946, ila 38 bado si nusu. Februari 1948 mawaziri 12 wakajiuzulu kupinga polisi wa Prague kujazwa wakomunisti, wakitegemea rais Beneš azikatae barua zao. Tarehe 25 akazikubali. Yaani unapinga mtu kushika polisi kwa kumwachia na ofisi yako! Sijui nani aliwashauri.

Na Rajk je? Alinyongwa Oktoba 1949. Kesi yake iliandaliwa na polisi walewale wa usalama aliowalea akiwa waziri.