Mbwa wa Shamba Naye Apimwe

Mahindi yanapoanza kutoa ndevu katika wilaya za Mbozi, Momba na Ileje, mkulima wa mkoa wa Songwe huwa na maadui wa zamu mbili. Mchana ni nyani na tumbili. Usiku ni nguruwe mwitu. Nyani huja kwa kundi, mmoja wao akiwa amekaa juu ya jabali kutazama njia, na kabla mwenye shamba hajafika huwa wamekwisha kuligeuza kama uwanja uliochezewa ngoma. Nguruwe mwitu yeye hula kidogo na kuangusha kingi. Hasara hiyo haiandikwi popote. Haipimwi katika mizani ya ghala wala haitajwi katika taarifa za msimu, kwa kuwa gunia lisilovunwa halina risiti.

Mlinzi wa shamba hilo ni nani? Aghalabu ni mtoto. Tangu mwaka 2016 Serikali imefuta ada katika shule za msingi na sekondari za kutwa na bweni hadi kidato cha nne, jambo ambalo kila mzazi analishukuru. Lakini dawati halina faida ikiwa mwenye dawati yuko juu ya dungu, teo mkononi, akipiga kelele tangu jua kuchomoza hadi linapozama. Mwalimu humwandika kuwa mtoro. Sisi twasema mtoto huyo si mtoro. Ameajiriwa na nyani.

Chini ya dungu hilo hulala mbwa. Ndiye tunayetaka kumzungumza leo, ingawa twajua wako watakaocheka kwamba ukurasa huu umekosa jambo la maana la kuandika. Wacheke. Chama kilipotangaza huko Iringa mwaka 1972 kwamba siasa ni kilimo, hakikusema kwamba kilimo kinaishia kwenye jembe na mbolea. Mlinzi wa mazao naye ni zana ya kilimo, na zana isiyojulikana ubora wake ni mzigo kwa mwenye nayo.

Tazameni jinsi tunavyompata mbwa. Mbwa jike wa jirani amezaa kichakani, hakuna ajuaye baba. Mtoto wa nyumba anaokota kitoto kimoja kwa sababu kina doa jeupe kifuani. Kinapewa jina la fumbo la kumsema jirani, kinalishwa ukoko wa ugali, na mwaka unaofuata kinategemewa kulinda ekari tatu. Kama kikifaa, ni bahati. Kama kikiwa mwoga, au kikawa mwizi wa mayai, au kikawafukuza mbuzi wa watu, huuawa au huachwa kizurure, na aliyezurura huishia Tunduma mjini kwenye maegesho ya malori, akila mabaki na kuzaa wengine wa namna yake. Katika ng'ombe mkulima wetu hafanyi hivyo. Dume la ng'ombe huulizwa mama yake alikamwa kiasi gani. Hata mbegu ya mahindi huchaguliwa. Mbwa peke yake ndiye aliyeachiwa nasibu.

Na si kwamba mbwa wa Afrika hana asili njema. Mwaka 1922, mjini Bulawayo, walowezi walikutana wakaandika sifa za mbwa mwenye mstari wa nywele zilizolala kinyume mgongoni, ambaye walikuwa wakimtumia kuwindia simba. Mstari ule hawakuuleta kutoka Ulaya. Waliupata kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, wakamchanganya na mbwa wao, wakaita jina la nchi waliyoinyang'anya. Leo mbwa huyo huuzwa kwa fedha nyingi Ulaya na Marekani. Vivyo hivyo mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, asiyebweka, ambaye wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue alipo. Wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa maradhi, wengine wakapelekwa katika miaka ya 1930 wakazaana, na sasa huitwa Basenji katika maonyesho ya kila nchi. Mali ilikuwa yetu. Daftari lilikuwa lao. Aliyeandika ndiye aliyemiliki.

Tukitaka kujua kazi hiyo hufanywaje, tuwaulize wanaoifanya, bila kuona haya. Ujerumani, ambayo iliitawala nchi hii kwa mabavu hadi Vita Kuu ya Kwanza, ina desturi tangu karne ya 19 ya kumtahini mbwa wa kuwinda kabla ya kumzalisha. Hatuusifu utawala wao, tunausifu mtihani wao. Mbwa wanayemtaka ni wa kazi zote: atafute ndege nyikani, asimame amwonyeshe mwindaji, afuate damu ya mnyama aliyejeruhiwa, na aogelee kuleta kilichoanguka majini. Marekani ya Kaskazini chama kiitwacho NAVHDA, kilichoundwa mwaka 1969, kilichukua mwendo huo. Mtihani wake wa kwanza hupokea mbwa asiyezidi umri wa miezi 16. Sababu yake yafaa kuelezwa. Mbwa akikua sana, mafunzo hufunika maumbile, nawe huwezi tena kujua kipi amezaliwa nacho na kipi amefundishwa. Nacho kinachorithiwa na watoto ni kile cha kuzaliwa nacho tu. Hupimwa pua, namna ya kutafuta, kufuata nyayo, moyo wa kuingia majini, hamu ya kazi na kushirikiana na bwana wake, kila sifa kwa alama kuanzia 0 hadi 4. Tena mbwa hashindanishwi na mbwa mwenziwe. Hupimwa kwa kipimo kilichowekwa, ili siku ya mbwa dhaifu watupu asipatikane bingwa wa bure.

Jambo la pili la kujifunza ni kwamba hawapimi mmoja wakaridhika. Hupima ndugu waliozaliwa tumbo moja, kwa kuwa dume mmoja hodari aweza kuwa bahati, lakini ndugu watano hodari ni ushahidi juu ya baba na mama. Hapa pana somo kwa wafugaji wetu wote, hata wasio na mbwa.

Sasa twajua pingamizi la kwanza litakalotoka kwa ndugu zetu Waislamu, nasi tutalijibu kwa kuwa tulikaa chuoni na ubao wa kuandikia kabla hatujaingia shule ya Serikali. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini aliyesoma hukumu ya chombo na asome pia Sura ya Al-Maida, aya ya nne, inayohalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Wanazuoni walipoulizwa ni mbwa gani anayeitwa amefundishwa, hawakujibu kwa rangi wala kwa ukoo. Waliweka mtihani. Akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata amshike mnyama kwa ajili ya bwana wake wala asimle, na mambo hayo yakariri mpaka watu waridhike kwamba si bahati. Mtu akiutafakari mtihani huo ataona kwamba umetangulia ule wa Wajerumani kwa karne nyingi, na kwamba mbwa asiyefunzwa na aliyefunzwa, katika sheria, si mbwa mmoja. Mbwa wa kulinda mazao na mifugo nao wameruhusiwa. Kinachobaki ni adabu ya kumweka: banda lake nje, chombo chake mbali na vya watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la askari wa wanyamapori. Atasema kwamba mbwa wa kijijini ni silaha ya jangili, na atakuwa amesema kweli. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inamtaka mwindaji awe na leseni, na wako watu katika vijiji vyetu wanaoingia porini na mbwa saba na mikuki bila leseni yoyote. Sisi hatuwatetei hao. Hatuombi mbwa wa kuwindia nyama. Twaomba mbwa wa shamba, mwenye pua na utii wa mbwa wa kuwinda, ambaye mpaka wake ni mpaka wa shamba. Jangili hapendi daftari. Mbwa akiandikwa katika ofisi ya kijiji kwa jina la mwenyewe, rangi, mama na baba, akakutwa porini usiku, askari atajua pa kubisha hodi. Kwa hiyo kuwaandika mbwa si kumsaidia jangili, ni kumvua ngozi ya kondoo. Halmashauri za vijiji zaweza kulianzisha jambo hili, maana sheria ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982 imezipa uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Mtihani wenyewe hauhitaji fedha. Baada ya mavuno, mashamba yakiwa wazi, ngozi ya mbuzi huburutwa kwa kamba mwendo wa kutosha, ikakata kona mbili, ikafichwa. Baada ya saa moja mbwa huachwa aifuate. Hiyo ni pua. Kisha hupitishwa kati ya mbuzi na kuku wa kijiji bila kamba, na bwana wake humwita mara moja. Anayerudi ana utii; anayerudi na kifaranga mdomoni aende nyumbani. La tatu ni moyo, nalo ndilo gumu, kwa sababu watu wetu hudhani mbwa hodari ni yule anayemrukia nyani. Huo si uhodari. Nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa, na mbwa wengi wazuri wamepasuliwa kwa sifa hiyo ya kijinga. Mbwa wa shamba anayetakiwa ni yule anayebweka mapema, akasimama mbali, asikimbie wala asishike, mpaka mwenye shamba afike. Wawili wa namna hiyo wanamwondoa mtoto kwenye dungu. Wanane wasio na namna hawamwondoi.

Wako wenye fedha watakaosema kwamba njia fupi ni kununua mbwa wa Kizungu, yule mkubwa mwenye masikio yaliyosimama. Na anunue anayetaka. Lakini katika nyanda za chini zinazoteremkia Ziwa Rukwa, ambako mbung'o hawajaisha, mbwa wa kigeni hufa kwa nagana kabla hajafahamu jina lake. Mbwa wetu ni mtoto wa waliosalia. Kazi zinazohitaji mbwa wa nje zipo: katika kituo cha African Wildlife Foundation kilichoko Usa River, karibu na Arusha, mbwa walioletwa kutoka Ulaya wamefundishwa kunusa pembe za ndovu kwa ajili ya bandari na viwanja vya ndege. Hiyo ni kazi ya Serikali na mashirika. Mkulima wa Kamsamba hana pembe za kunusa, ana mtama.

Na asituambie mtu kwamba Mtanzania hawezi kumpima mnyama kwa kipimo cha kweli. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya asiyepasi mtihani haendi kazini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Ikiwa panya ana cheti, mbwa amekosa nini?

Liko sharti moja ambalo hatulifanyii mzaha. Mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa asiingie katika mtihani wala asiandikwe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mwanadamu hauna tiba, na karibu watu wote wanaokufa nao huwa wameumwa na mbwa. Chanjo ya kwanza kwa mtu aliyeumwa ilitolewa na Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, bado tunazika watoto. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Hapa Songwe hesabu hiyo haitatimia kwa kuchanja upande mmoja, maana mbwa wa Tunduma na mbwa wa Nakonde hawapiti katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019. Wanapita uchochoroni, kama Wanyamwanga wanavyotembeleana tangu kabla mpaka haujachorwa. Mabwana mifugo wa pande mbili wapange wiki moja. Na wasiwarudishe watu na vitoto vya mbwa mikononi kwa madai kwamba havijafikisha miezi mitatu, kwa maana Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wa umri wowote wachanjwe. Naye aliyeumwa, wakati anatafutiwa usafiri wa kwenda hospitali, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Si kwa majani, si kwa mafuta ya taa.

Twawaomba basi maofisa watendaji wa kata wasingoje waraka. Daftari la kurasa mia latosha kwa kijiji kizima: ukurasa mmoja kwa kila mbwa jike, tarehe aliyozaa, dume aliyempanda, na watoto wamekwenda kwa nani. Bwana mifugo awe na sanduku lake la barafu lenye chanjo, mzee mmoja anayeheshimiwa ashike kamba na ngozi ya mbuzi, na mwalimu wa shule ya msingi aandike alama, maana ndiye anayejua ni watoto wangapi waliokosa darasani msimu uliopita na walikuwa wapi. Wenye mbwa waje na kamba shingoni mwa mbwa wao, na anayetoka mbali aje alfajiri, kwa kuwa jua likipanda umande hukauka na harufu hupotea.