Mvinyo wa Naoussa: Jina la shamba ni mtaji na pia mtihani

KIFO cha Yiannis Boutaris mnamo Novemba 2024 kiliwafanya Wagiriki wengi wamkumbuke kama meya wa Thessaloniki, mji aliouongoza kuanzia 2011 hadi 2019.

Hata hivyo, huenda urithi wake utakaodumu haumo katika jumba la manispaa, bali katika shamba la mizabibu la Yianakohori, kwenye miteremko ya Mlima Vermio karibu na mji wa Naoussa, kaskazini mwa Ugiriki. Zabibu za shamba hilo ndizo zinazotoa mvinyo mwekundu uitwao Ramnista.

Boutaris alizaliwa katika ukoo wa watengenezaji mvinyo. Kampuni ya familia ilianzishwa na babu yake mnamo 1879. Mwaka wa 1997 alijiondoa katika kampuni hiyo na kuanzisha yake, Kir-Yianni, akilitegemea shamba la Yianakohori.

Uamuzi huo ulikuwa na hatari zake. Kampuni kubwa huweza kununua zabibu popote na kuzichanganya ili kuficha kasoro za msimu. Anayeuza mvinyo wa shamba moja hana pa kujificha. Mvua ya mawe ikinyesha au ugonjwa ukizuka, hasara yote ni yake.

Isitoshe, zabibu yenyewe ni kaidi. Huitwa Xinomavro, yaani chachu na nyeusi. Huchelewa kuiva, na mvinyo wake ukiwa mchanga huwa mkali mdomoni. Kanuni za Naoussa, eneo lililotambuliwa kisheria mnamo 1971, haziruhusu kuchanganya aina nyingine ya zabibu, na zinataka mvinyo ukae katika mapipa ya mbao kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuuzwa.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mwaka mmoja wa kungoja ni mwaka wa gharama bila mapato. Mnamo Januari 2016, Ugiriki ikiwa imelemewa na madeni, serikali ilianza kutoza mvinyo ushuru wa Euro 20 kwa kila lita 100. Wazalishaji waliupinga mahakamani, na ushuru huo ukaondolewa mwanzoni mwa 2019.

Lakini sheria haiwezi kutatua kila tatizo. Biashara nyingi za familia huporomoka mwanzilishi anapofariki kwa sababu alishikilia hatamu hadi dakika ya mwisho. Boutaris alipoingia katika siasa, wanawe walikuwa tayari wamekabidhiwa kazi. Kifo chake, kwa hivyo, hakikuliacha shamba bila mwenyewe.

Subira huvuta heri, walisema wahenga. Jina la Naoussa lina thamani sokoni kwa sababu kuna watu waliokubali kufungwa na kanuni zake. Siku watakapotokea warithi wanaotaka jina hilo bila subira yake, kitakachobaki ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.