Asilimia 10 Isiyo na Mbawakawa

Kila msimu wa mvua hapa Busia tunapanda miche ya mikalitusi, tunapigwa picha, kisha tunasomewa Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010: miti ifikie asilimia 10 ya ardhi. Mbona wasomaji wake huishia hapo? Ibara iyo hiyo yaiagiza Serikali ilinde bioanuwai, na bioanuwai haihesabiwi kwa vigogo pekee.

Huhesabiwa chini. Kusanya majani makavu ya mita moja ya mraba, uyachekeche, uyatundike ndani ya mfuko wa wavu siku mbili tatu. Yakikauka, mbawakawa hushuka wenyewe hadi kwenye chupa ya spiriti. Wengi wao hawaruki. Msitu ukikatwa, hawana pa kuhamia. Ng'ambo, Uganda ilipopima misitu 65 miaka ya 1990, ilihesabu miti, ndege, mamalia wadogo, vipepeo na nondo wakubwa. Mbawakawa waliachwa. Ilikuwa kazi kubwa, nakiri. Lakini msitu kama West Bugwe, unaonyemelewa na wachoma makaa, wastahili kupimwa hadi ardhini.

Chekeche lipo hata jikoni mwa shule yetu. Atakapokuletea mche mwingine ofisa wa misitu, mdai kwanza orodha ya viumbe.