WATU WA KUKUMBUKWA: Robert Smalls

Mwezi huu twende Marekani.

Robert Smalls alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa. Basi na mtoto akawa mtumwa. Walikaa katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wao.

Katika jimbo hilo, tangu mwaka 1834, kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa. Smalls alikua bila kujua kusoma. Lakini bahari aliijua. Alipelekwa Charleston kufanya kazi bandarini, na huko akawa mshika usukani wa meli iitwayo Planter.

Mwaka 1861 vita vilianza. Majimbo ya kusini yalitaka kujitenga ili yaendelee na utumwa. Planter ilibeba silaha za jeshi la kusini.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa Wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha moto wa meli. Wakapita kuwachukua wake zao na watoto. Wote walikuwa watu 16. Walikubaliana kwamba wakikaribia kukamatwa wataizamisha meli. Smalls alivaa kofia ya nahodha. Kila walipopita ngome, alipiga honi kama nahodha alivyozoea kuipiga. Kulikuwa bado giza. Askari wakadhani ni nahodha mwenyewe! Walipoipita mizinga, walitundika shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa jeshi la kaskazini.

Smalls alikuwa na miaka 23. Mwaka 1864, mjini Philadelphia, alitafuta mwalimu akajifunza kusoma. Aliinunua pia nyumba ileile ya bwana wake wa zamani.

Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba mpya ya jimbo. Huko alidai shule za bure kwa watoto wote. Mwaka 1875 aliingia Bunge la Marekani, akawamo kwa vipindi mpaka 1887. Mwaka 1877 alihukumiwa kwa rushwa. Gavana alimsamehe mwaka 1879.

Mwaka 1895 katiba iliandikwa upya. Safari hii wajumbe weusi walikuwa 6 tu. Wazungu walileta mtihani wa wapiga kura: mtu asome kifungu cha katiba, au asomewe akieleze. Nani aliamua kama amefaulu? Msimamizi. Mzungu asiyejua kusoma aliweza kupitishwa. Mweusi anayejua aliweza kuambiwa ameshindwa. Kusoma, kulikokatazwa kwa watu hao zamani, sasa kulifanywa kufuli la kuwafungia kura. Smalls alisimama akapinga. Walipomshinda kwa wingi, alikataa kutia sahihi yake.

Alifariki Beaufort mwaka 1915, katika nyumba ile aliyoinunua. Mtihani ule ulisimamishwa kwa sheria ya nchi mwaka 1965, miaka 70 baada ya yeye kuupinga.