Matunzo ni ya Mtoto, si ya Mama Yake



Wapendwa wanaparokia, si mara moja mwanamume ameingia ofisini kwangu amekunja uso, hati ya wito wa mahakama mkononi. Mzazi mwenzake, waliyeachana naye miaka kadhaa iliyopita, ameomba fedha za matunzo ya mtoto wao ziongezwe. Neno la kwanza huwa lile lile: "Padre, huyu mwanamke anataka kunikomoa." Nasi humwonea huruma. Niliwahi hata kumshauri mama mmoja avumilie, aache kesi, kwa ajili ya amani. Leo naungama kwamba nilikosea. Amani niliyoitetea ilikuwa ya baba, mtoto sikumuuliza.

Kiasi kilichopangwa mtoto akiwa ananyonya, je, kitamtosha akiingia kidato cha kwanza? Mtoto hukua, na bei ya unga haimsubiri baba yake apoe hasira.

Nchi yetu inalo fundisho chungu katika jambo hili. Sheria tuliyoirithi toka enzi za ukoloni iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Shilingi ilipoteza thamani, ukomo ukabaki palepale, hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta sheria hiyo. Sasa mahakama hutakiwa kupima kipato cha wazazi wote wawili, wajibu wa mlipaji kwa watoto wake wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu amri ya matunzo ibadilishwe hali inapobadilika. Basi anayeomba nyongeza haombi fadhila wala hatafuti ugomvi.

Wapo wasemao: "Siku hizi elimu ni bure." Ni kweli, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita. Tunashukuru. Lakini sare, madaftari, viatu, nauli na dawa hununuliwa na nani? Wengine husema: "Nina familia nyingine." Mahakama hulipima jambo hilo pia. Hata hivyo, harusi ya pili haimfuti mtoto wa kwanza.

Linaloniumiza zaidi ni hili: baadhi ya wanaume hawa husimama mbele ya altare siku ya harambee wakaahidi mifuko ya saruji, nasi tukawapigia makofi. Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha Korbani, yaani sadaka kwa Mungu. Je, atamsifu amnyimaye mwanawe? Kanisa halijengwi kwa uji wa mtoto. Kanuni ya 1154 ya Sheria za Kanisa inadai kwamba wanandoa wakitengana, riziki na malezi ya watoto yapangiwe kikamilifu, daima.

Kina mama nao wasikie. Katika waraka *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, Papa Fransisko aliwasihi wazazi waliotengana wasimgeuze mtoto kuwa mateka. Anayemficha mtoto hadi alipwe, au anayedai nyongeza ili kulipiza kisasi, anamtesa mtoto yule yule. Naye baba aliyepoteza kazi kweli asikimbie. Aende mbele ya hakimu akaeleze hali yake kwa ukweli. Umaskini si dhambi. Dhambi ni kuficha mshahara.

Ndugu yangu mwenye hati mkononi, kabla ya kumtafuta wakili, chukua kalamu. Andika mwanao anakula nini kwa mwezi, anavaa nini, anatibiwa kwa fedha za nani. Kama hujui, basi ujue kwamba mama yake anajua, na ndiyo maana amekwenda mahakamani.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, atuombee.

Padre wenu katika Kristo