Meli Iitwayo Uhuru Ilifungwa Tema kwa Deni



Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2012 meli ya matanga ya jeshi la maji la Argentina ilitia nanga Tema, bandari kubwa ya Ghana. Haikuja kupigana wala kufanya biashara. Ilikuwa meli ya mafunzo, imechukua mabaharia zaidi ya 300, na wengi wao ni vijana wanafunzi, nayo ilikuja kwa ziara ya urafiki. Jina lake ni Libertad, yaani Uhuru. Tarehe 2 ya mwezi huo mahakama ya Accra iliamuru izuiwe. Kosa lake nini? Kampuni ya wenye fedha wa Marekani, NML Capital, ilidai kwamba serikali ya Argentina ina deni lake, ikataka iwekwe dhamana ya dola milioni 20 ndipo meli itoke.

Litazameni jambo hili, ndugu zangu. Uhuru amefungwa kamba katika bandari ya Waafrika! Na bandari yenyewe ni ile iliyojengwa na serikali ya Kwame Nkrumah na kufunguliwa mwaka 1962. Nkrumah yule yule aliyeandika kitabu mwaka 1965 kutuonya juu ya ukoloni mamboleo. Mkoloni wa zamani alikuja kwetu na manowari. Huyu wa sasa hana manowari hata moja. Yeye alikuja na karatasi, akaikamata manowari ya watu wengine.

Nilipolieleza jambo hili katika mkutano wa tawi letu, mzee mmoja alisimama akasema, "Kijana, dawa ya deni ni kulipa. Kama walikopa, na walipe. Uhuru si ruhusa ya kudhulumu." Watu wengi wakampigia makofi. Nami namheshimu mzee yule, kwa kuwa maneno yake ni ya haki. Mtu anayewahubiria wananchi kwamba madeni hayalipwi anawadanganya. Lakini kabla ya kuhukumu na tuulize maswali matatu. Deni hili alilikopa nani? Alipoelemewa alifanya nini? Na huyu anayedai, yeye alimkopesha nani?

Kwanza, asili ya deni. Mwaka 1976 majeshi ya Argentina yalinyakua serikali, yakatawala kwa bunduki mpaka mwaka 1983. Walipoingia, deni la nje lilikuwa kama dola bilioni 8. Walipotoka lilikuwa limefika kama dola bilioni 45. Wananchi hawakuulizwa, na maelfu ya waliothubutu kuuliza walichukuliwa usiku wasionekane tena. Kisha zikaja serikali za kura, nazo zikakopa ili zilipe, zikalipa ili zipate kukopa tena. Tangu mwaka 1991 waliifunga fedha yao, peso moja kwa dola moja. Wenye fedha wa ng'ambo wakasifu, na hati za mkopo, ambazo siku hizi zaitwa hatifungani, zikauzwa New York na Ulaya kama njugu.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga yalifika Desemba 2001. Serikali ilizuia watu wasitoe benki zaidi ya peso 250 kwa wiki. Mfanyakazi aliyeweka akiba yake miaka 20 akasimama mlangoni mwa benki kama mwombaji. Watu wakajaa barabarani wakipiga sufuria, na zaidi ya watu 30 wakauawa katika ghasia. Rais Fernando de la Rúa alijiuzulu tarehe 20, akaondoka ikulu kwa helikopta. Siku tatu baadaye rais wa muda alitangaza kwamba nchi haitalipa. Deni lilikuwa kama dola bilioni 100. Mwezi wa Januari 2002 peso iliachwa, na katika miezi michache zikahitajika peso zaidi ya 3 kununua dola moja. Mwaka ule zaidi ya nusu ya wananchi walihesabiwa kuwa maskini. Fikirini: nchi inayouza nyama na ngano duniani kote, na katika mkoa wa Tucumán watoto wanakufa kwa utapiamlo!

Pili, Argentina ilipoelemewa ilifanya nini? Haikukimbia. Mwaka 2005, chini ya Rais Néstor Kirchner, iliwaita wadai ikawaambia: dola moja hatuiwezi, tutawapa hati mpya zenye thamani ya kama senti 30 kwa kila dola, nazo tutazilipa. Wadai wapatao robo tatu walikubali. Mwaka 2010 mlango ukafunguliwa tena, na waliokubali wakafika kama 93 katika kila 100. Hata Shirika la Fedha la Kimataifa lililipwa deni lake lote, zaidi ya dola bilioni 9, mapema mwaka 2006. Basi hawa si watu wasiojua kulipa. Ni watu waliopatana na wadai wao, kama mkulima anavyopatana na mwenye duka mwaka wa ukame.

Tatu, ni nani hao waliobaki? Hapa ndipo nampomba mzee wangu asikilize sana. Wengine walikuwa watu wa kawaida waliopoteza akiba zao, na hao tuwahurumie. Lakini walioongoza kesi hawakuikopesha Argentina hata senti. NML Capital ni mtoto wa kampuni ya Elliott ya bwana mmoja wa New York, Paul Singer, na imeandikishwa katika visiwa vya Cayman. Kazi yake ni kununua hati za nchi iliyoanguka, wakati bei yake imekuwa ya karatasi ya kufungia, kisha kwenda mahakamani kudai thamani yote iliyoandikwa, na riba, na gharama. Waargentina wanawaita tumbusi. Tumbusi haui ng'ombe. Yeye anangoja aanguke.

Pale tawini nilichukua chaki nikaandika hesabu ubaoni. Mwaka 2016 kampuni hiyo ililipwa dola bilioni 2 na milioni 280 kwa hati zilizoandikwa dola milioni 617, nazo ilikuwa imezinunua kwa bei iliyo chini sana ya hiyo. Wale waliopatana kwa wema walipewa kama senti 30 kwa kila dola. Yeye asiyemkopesha mtu alipewa zaidi ya dola tatu na nusu kwa kila dola iliyoandikwa. Nikamgeukia mzee nikamwuliza, "Baba, hii ndiyo dawa ya deni?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo si dawa. Hiyo ni sumu."

Lakini mtauliza, hakimu wa New York amepata wapi nguvu juu ya serikali huru? Jibu lake ni chungu: alipewa. Katika hati zile serikali yenyewe ilitia sahihi kwamba ugomvi wowote utaamuliwa kwa sheria za New York, na kwamba haitajikinga kwa heshima ya dola huru. Mwaka 2012 Jaji Thomas Griesa aliamua kwamba Argentina isiwalipe wale 93 waliopatana nayo mpaka iwalipe tumbusi kila walichodai. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hilo mwezi wa Juni 2014. Argentina ilipeleka dola milioni 539 katika benki ya New York ili wadai wake wapate riba yao. Fedha zikazuiwa zisiwafikie. Tarehe 30 Julai 2014 nchi ikatangazwa kuwa imeshindwa kulipa, na huku fedha za kulipa zimo benki! Je, mmepata kuona mdaiwa aliyekatazwa kulipa, kisha akashtakiwa kwa kutolipa?

Na ile meli? Mabaharia wengi walirudishwa kwao kwa ndege, wakabaki wachache wa kuilinda. Mwezi wa Novemba watu wa bandari walipotaka kuihamisha kwa nguvu, mabaharia walionyesha silaha. Tarehe 15 Desemba 2012 mahakama ya kimataifa ya sheria za bahari, iliyoko Hamburg, iliamuru iachiliwe, kwa kuwa manowari haikamatwi kwa madeni. Mwaka 2013 mahakama kuu ya Ghana yenyewe ilikiri kwamba haikustahili kuzuiwa. Vema, lakini kamba ya kwanza ilifungwa na mikono yetu wenyewe, Waafrika, kwa faida ya mtu wa New York.

Mwisho wa shauri ulikuwaje? Rais Mauricio Macri, aliyeshika madaraka Desemba 2015, alikubali kulipa. Mwezi wa Aprili 2016 alikopa dola bilioni 16.5 kwa hati mpya, na kutokana na fedha hizo wadai wakaidi wakalipwa zaidi ya dola bilioni 9. Wenye fedha wakasema nchi imerudi katika heshima. Heshima hiyo ilidumu miaka miwili! Mwaka 2018 fedha yao ikaanguka tena, wakakimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa wakaahidiwa dola bilioni 57, mkopo mkubwa kuliko wote katika historia ya shirika hilo. Mwezi wa Mei 2020 wakashindwa kulipa tena.

Ndugu zangu, mimi sitaki kuwafanya watawala wa Argentina kuwa malaika. Serikali ile ile iliyopigana na tumbusi ilianza mwaka 2007 kuwaficha wananchi hesabu za kweli za kupanda kwa bei, na mwenye mshahara mdogo akajua ukweli sokoni. Beberu ana dhambi zake, lakini mtawala anayekopa bila kuulizwa na kuficha hesabu ndiye anayemfungulia mlango. Chama kisichosema ukweli huu ni chama cha kelele tu.

Wako watakaosema, Argentina iko mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Majirani zetu wa Zambia walikopeshwa na Romania mwaka 1979 kununua matrekta. Walishindwa kulipa, na mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal International ilinunua deni lile kwa kama dola milioni 3.3. Kisha ikaipeleka Zambia mahakamani London ikidai dola milioni 55! Mwaka 2007 ilipewa kama dola milioni 15.5, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kusamehewa madeni ili ipate kujenga shule na hospitali. Mwezi wa Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani zake, na mapatano na wenye hati hizo hayakumalizika mpaka mwaka 2024. Na Kenya, ambayo mwaka 2014 ilikopa dola bilioni 2 kwa hati za namna hiyo, Februari 2024 ilikopa bilioni 1.5 nyingine kwa riba inayokaribia 10 katika 100 ili ipate kulipa zile za kwanza. Mwezi wa Juni mwaka huo vijana walijaa barabarani Nairobi kupinga kodi mpya, damu ikamwagika, na muswada ukaondolewa. Sufuria za Buenos Aires zilikuwa zimesikika Nairobi.

Basi tufanye nini? Sisi wa chama tunayo madai manne, na kila tawi liyajadili.

La kwanza, serikali isitie sahihi hatifungani ya ng'ambo kabla mkataba wote haujasomwa bungeni kwa lugha wanayoielewa wananchi: riba ni ngapi, mahakama ni ya wapi, na ni mali gani imewekwa rehani.

La pili, kila hati iwe na sharti kwamba wadai walio wengi wakikubali mapatano, wachache wafuate. Tumbusi huishi pale sharti hilo linapokosekana.

La tatu, tutunge sheria ya kuwazuia tumbusi katika mahakama zetu. Uingereza yenyewe ilitunga sheria ya kuwabana mwaka 2010, baada ya aibu ya Zambia, na Ubelgiji ikatunga ya kwake mwaka 2015. Mwaka huo huo, katika Umoja wa Mataifa, nchi 136 zilipiga kura kuunga mkono kanuni za haki za kupatana juu ya madeni ya serikali. Nchi 6 tu zilikataa, na Marekani na Uingereza zilikuwamo. Bandari ya Mwafrika isiwe tena jela ya meli ya rafiki.

La nne, nalo ni gumu kuliko yote: tukope kwa kazi izaayo, si kwa mishahara wala magari ya wakubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine inauhatarisha uhuru wake. Naye Mwalimu Nyerere aliuliza kama yatupasa kuwaacha watoto wetu na njaa ili tulipe madeni. Swali hilo halijibiwi siku ya kulipa. Linajibiwa siku ya kukopa.

Mkutano ulipokwisha, yule mzee alinishika mkono akaniambia, "Mimi bado nasema dawa ya deni ni kulipa. Lakini sasa naongeza: kinga ya deni ni kuuliza." Namshukuru, kwa sababu amenifupishia makala yangu. Na tuulize, ndugu wananchi, tawini, wilayani na bungeni, kabla sahihi haijatiwa.

Uhuru na Kazi!