Usipande Sumu Mlangoni Pako

Ndugu mkulima, kupanda maua nyumbani si kazi ya upuuzi. Kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima hupunguza vumbi na kupendeza macho. Lakini ng'ombe wako wa gredi hulala hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwa hiyo usichague maua kwa uzuri peke yake.

Watu wengi hupenda oleanda, mti mdogo wenye majani membamba, marefu na magumu, na maua meupe au ya waridi. Huvumilia jua, tena kijiti chake hushika upesi. Lakini kila sehemu yake ni sumu ya moyo, na majani machache yatosha kumwua ng'ombe. Wengine husema ng'ombe hawali kwa kuwa ni machungu. Wakati wa kiangazi ng'ombe mwenye njaa hachagui. Tena matawi yaliyokatwa hunyauka na kuchanganyika na nyasi, na sumu haipotei kwa kukauka. Maoni yetu ni kwamba oleanda haifai kabisa katika shamba la mifugo.

Panda haibiskasi badala yake, ile yenye maua makubwa mekundu na ulimi mrefu katikati. Ua lake moja hudumu siku moja tu, lakini mengine hufuata. Kata vijiti vya urefu wa sentimeta 15 kutoka matawi yaliyoanza kukomaa. Ondoa majani ya chini, ubakize mawili au matatu juu. Visimike katika mchanga uliochanganywa na udongo mzuri, penye kivuli, na uweke unyevu bila kufurika maji. Baada ya majuma sita hivi vitakuwa na mizizi. Mvua zikianza, vihamishe shambani, kila kimoja mita moja kutoka kwa chenzake. Vizungushie miiba, maana mbuzi huvipenda. Punguza matawi kila mwaka, kwa kuwa maua hutoka katika machipukizi mapya. Penye sakitu kali haibiskasi haistawi. Hapo muulize Bwana Shamba mmea mwingine.

Kama oleanda iko kwako tayari, ing'oe na mizizi yake, uifukie shimo refu mbali na malisho. Usiichome wala kuipikia, kwa maana hata moshi wake una madhara. Ng'ombe mmoja akifa, hasara yake haitalipwa na maua.